Simu imeukataa uso wangu: je, nina wa kumuuliza?

*Wakili, shikamoo. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, nakaa Mishomoroni. Miaka mitatu sasa napata abiria kupitia apu moja. Mwezi uliopita, baada ya magharibi, nikiwa Kongowea, apu ikaniambia nipige selfi kuhakikisha ni mimi. Nikapiga, ikakataa. Nikapiga tena, ikakataa. Asubuhi nikakuta ujumbe kwamba akaunti yangu imefungwa moja kwa moja, eti nimempa mtu mwingine aitumie. Nimepiga simu mpaka nimechoka. Kila anayeshika ananiambia "ni mfumo, sisi hatuna la kufanya." Tuktuk si yangu, na mwenyewe anataka hesabu yake kila jioni. Nasikia Ulaya wana sheria ya akili unde. Sisi je? Serikali yaweza kunisaidia, ama ndiyo basi tena?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokufika. Jibu fupi ni kwamba si basi tena. Jibu refu nitakupa hapa chini, maana barua kama yako zimeanza kuwa nyingi mezani kwangu, na wengi wa wanaoandika wamekata tamaa mapema kwa sababu ya neno moja tu: mfumo.

Ngoja nikusimulie jambo. Miaka michache nyuma nilimpeleka mama yangu katika ofisi moja ya hapa mjini kufuatilia karatasi zake. Mama amesuka ukili na kukuna nazi maisha yake yote, vidole vimelainika kama chupa. Kijana wa dirishani akamwekea kile kichombo cha kusoma alama za vidole. Kidole gumba, hakisomi. Cha shahada, hakisomi. Akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta kidogo, wapi! Mwisho akatutazama, akasema, "Mama, mfumo umekataa," kwa sauti ileile mtu anayosemea kwamba mvua inanyesha. Mama, ambaye kompyuta haijui wala hana haja ya kuijua, akamuuliza, "Na huo mfumo, hauna mkubwa wake?" Kijana akacheka, akaenda kumwita msimamizi. Yule akafungua faili, akatazama kitambulisho, akamtazama mama usoni, akatia sahihi. Haikufika dakika tano.

Swali la mama ndilo wabunge na majaji wa nchi nyingi wanalolihangaikia siku hizi, ingawa wao hulivalisha maneno marefu. Ukizisoma sheria hizi za akili unde (majirani zetu Tanzania husema akili mnemba) utazikuta na mamia ya kurasa za masharti ya kiufundi. Lakini kwa mtu aliye katika hali yako, kurasa zote hizo zinakuja kwenye jambo moja. Je, zinamlazimisha mkubwa wa mfumo ajitokeze, na akijitokeza, ana uwezo wa kuipinga mashine yake?

Nasema "mkubwa wa mfumo" kwa sababu yupo, hata kama jina lake halimo kwenye apu. Tazama kilichotokea pale Kongowea. Simu haikuuona uso wako kama abiria anavyouona. Iliipima picha, ikaigeuza kuwa safu ndefu ya nambari, ikailinganisha na safu nyingine iliyotokana na picha uliyojiandikishia zamani, kisha ikatoa alama ya kufanana. Juu ya alama fulani, ni wewe. Chini yake, si wewe. Kiwango hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alikaa ofisini akakiweka. Akikipandisha sana, wadanganyifu hupungua lakini wenye akaunti halali hufungiwa nje. Akikishusha, wenye akaunti hupita kwa raha, na wadanganyifu nao hupita nyuma yao. Ni uamuzi wa biashara kama uamuzi wa bei. Na hata alama ikishuka, mashine haikulazimika kukufungia moja kwa moja. Ingeweza kukuomba uende ofisini na kitambulisho. Mtu aliamua kwamba dereva aliyekataliwa na kamera atahesabiwa mdanganyifu.

Nina maswali yangu kwako pia. Ulikuwa na ndevu kwenye ile picha ya kwanza? Ulivaa kofia? Taa za magari zilikuwa mbele yako au nyuma? Mwanga ukitoka nyuma, uso wa mtu mweusi kwenye kamera ya simu ya bei nafuu hugeuka kivuli kitupu, na hili kila mpiga picha wa harusi hapa Mombasa atakwambia. Wataalamu wamelipima tatizo la mashine hizi. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti baada ya kujaribu programu 189 za kutambua nyuso. Ilikuta kwamba nyingi zilikosea mara 10 hadi 100 zaidi kwa nyuso za Waafrika na Waasia kuliko za Wazungu, kwa kuwachanganya watu wawili na kudhani ni mmoja. Kosa lako wewe ni la upande wa pili: mashine imemkana mwenyewe. Hilo hutegemea sana ubora wa picha na mwanga. Yaweke haya akilini, yatatufaa tukifika kwenye barua.

Sasa Ulaya. Sheria unayoisikia ni Kanuni ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na kutekelezwa kwa awamu. Tangu Februari 2025 baadhi ya matumizi yamepigwa marufuku kabisa: kuwapa raia alama za mwenendo kisha kuwabagua kwa alama hizo, kukusanya ovyo picha za nyuso mtandaoni ili kujenga hazina ya utambuzi, na kutumia mashine kusoma hisia za mfanyakazi kazini au mwanafunzi darasani, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Chini ya marufuku hayo kuna kundi la mifumo ya hatari kubwa, kama inayoamua nani aajiriwe, nani apate mkopo, nani apokewe chuoni. Hiyo imewekewa masharti: kumbukumbu zitunzwe, binadamu aisimamie, makosa yake yapimwe. Anayekiuka marufuku aweza kutozwa hadi euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo yake ya dunia nzima kwa mwaka, kile kilicho kikubwa zaidi. Shika hayo maneno "kilicho kikubwa zaidi", nitayarudia.

Lakini nikwambie ukweli, si sheria hiyo mpya iliyowafaa madereva wenzako. Iliyowafaa ni ya zamani zaidi, ile ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018. Kifungu chake cha 22 kinasema mtu asiamuliwe jambo zito na mashine pekee. Madereva wa Uber na Ola, apu za kubeba abiria kama hiyo yako, wa Uingereza na Ureno walikwenda nacho mahakamani Amsterdam. Baadhi yao kisa chao ni chako hasa: akaunti zilifungwa kwa tuhuma za udanganyifu, na walipouliza hawakuambiwa kitu cha maana. Uber ilijitetea kwamba kulikuwa na wafanyakazi walioyapitia maamuzi hayo. Tarehe 4 Aprili 2023 Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam ikaona kwamba kwa baadhi ya madereva kazi ya wafanyakazi hao ilikuwa ishara tu, mkono wa kubonyeza pale mashine ilipokwisha kuamua. Kwa hiyo ikauhesabu kuwa uamuzi wa mashine pekee, na kampuni ikatakiwa ieleze.

Mimi hukumu hii naipenda kuliko kurasa zote za Kanuni ya 2024, kwa sababu imeufichua ujanja ambao kila kampuni itaujaribu. Ukiweka sheria kwamba lazima binadamu awepo, wataweka binadamu. Watamkalisha kijana mbele ya skrini, mashine inatema majina mia kwa saa, naye anabonyeza "kubali, kubali, kubali." Yupo, lakini hana mamlaka, hana muda, na hana faili lako. Tofauti yake na yule msimamizi wa mama ni kama tofauti ya kinyago na mlinzi.

Mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilikwenda mbele tena mwezi Desemba 2023, katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayowapa watu alama za kukopesheka. SCHUFA ilisema: sisi hutoa alama tu, anayekataa mkopo ni benki. Majaji wakajibu kwamba ikiwa benki inaifuata alama hiyo kwa kiasi kikubwa, basi alama yenyewe ndiyo uamuzi. Februari 2025 mahakama hiyohiyo, katika kesi iliyotoka Austria kuhusu mteja aliyenyimwa mkataba wa simu, ikasema aliyeamuliwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha inayoeleweka utaratibu uliotumika na taarifa zake zipi zilizingatiwa. Kumtupia fomula ya hesabu si kumweleza. Na sasa kuna agizo maalumu kuhusu kazi za majukwaa ya mtandaoni, la mwaka 2024, ambalo nchi za Umoja huo zilipewa hadi Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao. Chini yake, uamuzi wa kuifunga akaunti ya mfanyakazi lazima ufanywe na mtu.

Uingereza haikutunga sheria moja ya akili unde. Iliwaachia wasimamizi waliopo. Hata hivyo Machi 2024 mpeleka chakula mmoja mweusi wa Uber Eats alilipwa fedha katika maafikiano nje ya hukumu. Alikuwa amedai kwamba ukaguzi wa selfi ulimbagua hadi akaondolewa kwenye apu. Nyuma yake walisimama chama cha madereva na tume ya taifa ya usawa na haki za binadamu. Peke yake sidhani angefika.

Marekani nitapita haraka. Hakuna sheria moja ya nchi nzima. Rais Biden alitoa amri ya akili unde Oktoba 2023. Rais Trump akaifuta siku aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2025. Ndiyo tabia ya amri ya rais, humfuata aliyeitoa. Yanayodumu kule ni mambo ya zamani. Sheria yao ya mikopo ya tangu 1974 humlazimu anayekunyima mkopo akupe sababu mahususi, na shirika lao la kulinda wateja wa fedha lilitamka mwaka 2022 kwamba "programu yetu ni ngumu kuielewa" si udhuru. Desemba 2023 tume yao ya biashara iliizuia Rite Aid, kampuni ya maduka ya dawa, isitumie utambuzi wa nyuso kwa miaka mitano, baada ya kamera zake kuwasingizia wateja wasio na hatia kuwa ni wezi. Tume hiyo ilitumia sheria ya ushindani wa haki iliyotungwa mwaka 1914, kabla hata redio haijazoeleka. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaosema hapa kwetu tukae kitako mpaka Bunge litunge sheria ya akili unde. Hatuna haja ya kukaa kitako.

Kabla sijafika nyumbani, tahadhari moja. Umeuliza kama serikali yaweza kukusaidia, na ni swali zuri, lakini serikali nayo hutumia mashine hizihizi, tena juu ya watu wasioweza kuhamia apu nyingine. Uholanzi, nchi ya mahakama ile ninayoisifu, mamlaka yake ya kodi iliwasingizia udanganyifu wazazi kwa maelfu na maelfu waliokuwa wakipata ruzuku ya malezi ya watoto. Mfumo wa kupima hatari ulitazama, miongoni mwa mambo mengine, kama mtu ni raia wa nchi hiyo au la. Familia zikadaiwa fedha ambazo hazikuwa na uwezo wa kulipa, nyumba zikauzwa, ndoa zikavunjika. Januari 2021 serikali nzima ya waziri mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu kwa aibu hiyo. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana ubaya wa kutiliwa shaka kwa jina na asili. Waulize wazee waliokuwa wakihojiwa mara mbili mbili wakitafuta kitambulisho, au Wapemba wa Kwale na Kilifi waliokaa vizazi na vizazi bila uraia mpaka mwaka 2023. Ukiifundisha mashine kwa mafaili ya zama hizo, itajifunza shaka hiyohiyo, kisha itaitoa upya ikiitwa hesabu.

Ndiyo maana ulinzi wenyewe haupo serikalini tu, upo pia dhidi ya serikali. Hapa Kenya tumelishuhudia. Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho, ilipokuja, Mahakama Kuu Januari 2020 ilizuia kukusanywa kwa vinasaba na mahali hasa watu wanapoishi, na kusema mpango usiendelee bila kanuni za kutosha za kulinda data. Oktoba 2021 ikasema tena kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa kwanza. Kisha Worldcoin, mradi wa sarafu za mtandao: bila shaka unakumbuka zile foleni za Nairobi katikati ya 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho wapewe sarafu hizo zenye thamani ya shilingi elfu saba hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za mwili zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data, ofisi ya serikali inayosimamia sheria ya ulinzi wa data. Kote huko hapakuwa na sheria ya akili unde hata mstari mmoja. Palikuwa na Katiba, Ibara ya 31 ya faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data, na watu waliokubali kwenda mahakamani.

Basi tuje kwako. Machi 2025 Kenya ilizindua Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Ni waraka wa kusoma, una nia njema, lakini mkakati si sheria, na kampuni haishtakiwi kwa kukiuka nia njema. Silaha yako ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ndani yake kifungu cha 35. Kinasema una haki ya kutoamuliwa na uchakataji wa mashine pekee pale uamuzi unapokuathiri kwa uzito. Mtu akifungiwa riziki, hilo ni uzito. Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa, kampuni inapaswa kukuarifu kwa maandishi kwamba ni mashine pekee iliyoamua. Nawe una haki ya kuitaka iufikirie upya, au ifanye uamuzi mwingine usiotegemea mashine pekee, kisha ikujibu kwa maandishi imefanya nini. Tena, sheria hiyo inazihesabu data za mwili, uso wako ukiwemo, kuwa data nyeti zinazohitaji uangalizi zaidi. Na usitishwe na habari kwamba kampuni iko ng'ambo: sheria inamfikia hata asiyekuwa na makao Kenya, maadamu anachakata data za watu walioko hapa.

Sitakuficha matundu ya wavu huu. La kwanza ni lile neno "pekee", na tayari umeona Amsterdam walivyoliziba. Hukumu ya Uholanzi haimfungi jaji wa Mombasa, lakini yaweza kusomwa mbele yake kama hoja ya kushawishi, na vifungu vyenyewe vimefanana kama pacha. La pili ni kwamba kifungu cha 35 kina misamaha: uamuzi wa mashine waruhusiwa ukiwa ni wa lazima kwa mkataba, ukiruhusiwa na sheria nyingine, au ukiwa umeridhia mwenyewe. Kampuni itakimbilia huko. Itasema ulibonyeza "nakubali" siku ya kujiandikisha. Jibu letu litakuwa kwamba kubonyeza kitufe chini ya kurasa arubaini za Kiingereza, kwa mtu anayetafuta mkate wake, si ridhaa ya hiari na yenye kuelewa kama sheria inavyotaka. Na kwamba kukufungia bila kukusikiliza si jambo la lazima kwa mkataba wa kubeba abiria.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Faini ya Kamishna kwa kampuni ni hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, *kile kilicho kidogo zaidi*. Linganisha na Ulaya. Neno moja limegeuzwa na sheria nzima imelegea. Kwa mfanyabiashara wa Digo Road milioni 5 ni kilio. Kwa kampuni ya dunia ni bei ya kiti cha ofisini. Hata hivyo usidharau. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa picha ya mteja, na kampuni moja ya mikopo ya simu 2,975,000 kwa kuwasumbua watu ambao namba zao ilizipata kwa njia zisizofaa. Na mbali na faini, sheria inampa aliyeumia haki ya fidia. Hiyo fidia ndiyo ya kuitazama wewe, maana faini haikulipii hesabu ya mwenye tuktuk.

La kufanya wiki hii ni hili. Acha kupiga simu. Simu haiachi alama, na yule binti anayeshika hana uwezo wa kukusaidia hata akitaka. Andika barua pepe, kwa Kiswahili au Kiingereza, uipeleke kwenye anwani ya faragha au ya afisa wa ulinzi wa data iliyoandikwa mwishoni mwa masharti ya apu, na nakala kwa anwani ya msaada kwa wateja. Isiwe ndefu, wala isiwe ya kulia. Mimi ningeandika hivi:

*"Tarehe fulani saa fulani mlifunga akaunti yangu mkidai nimempa mtu mwingine. Sikufanya hivyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 na cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 naomba: mniambie kwa maandishi kama uamuzi huu ulifanywa na mashine pekee, mnipe nakala ya data zangu zote mlizotumia, ikiwemo picha ya kujiandikisha, picha mlizozikataa, alama ya kufanana iliyotoka na kiwango mnachokihitaji, mniambie cheo cha mtu aliyeupitia uamuzi huu, kama yupo, na kama alikuwa na mamlaka ya kuubatilisha, na muufikirie upya kupitia mtu mwenye mamlaka hayo, mbele yake nikiwa tayari kufika na kitambulisho changu."*

Umeona sentensi ile ya mamlaka ya kuubatilisha? Hiyo ndiyo ya mama. Wakijibu kwamba ndiyo, mtu huyo yupo na aweza kubatilisha, wamejifunga kukusikiliza. Wakijibu kwamba hana uwezo, wamekiri kwamba ni mashine pekee. Wakinyamaza, wamekupa ushahidi. Ombi la kupata nakala ya data zako, kanuni za mwaka 2021 zinawapa siku saba tu kulitimiza, tena bila malipo.

Siku zikipita kimya, au wakikujibu kwa ile lugha ya kasuku ya "tumeipitia akaunti yako na uamuzi unabaki", nenda kwa Kamishna wa Data. Malalamiko hupokelewa mtandaoni, na ofisi hiyo ina tawi la kanda hapa Mombasa. Wengi hawajui kwamba sheria inakuruhusu kulalamika kwa mdomo. Ni wajibu wao kukuandikia. Yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Usiporidhika, kuna Mahakama Kuu. Najua siku 90 ni ndefu kwa mtu anayeishi kwa jioni hadi jioni, na hapa sina maneno ya kukupooza: sheria hii ilitungwa na watu wenye mishahara. Tafuta steji nyingine kwa sasa, zungumza na mwenye chombo mapema kabla hesabu haijalimbikana, na kila siku andika daftarini ulichopata na ulichokuwa ukipata zamani. Tofauti hiyo ndiyo tutakayoidai.

Uliza pia wenzako. Ninavyowajua madereva wa Bamburi na Nyali, hukosi watatu wanne waliokataliwa kwa namna ileile, saa zilezile za jioni. Mtu mmoja akikataliwa, kampuni itasema ni bahati mbaya. Madereva wanane wakikataliwa baada ya magharibi, na hakuna aliyekataliwa saa sita mchana, hapo si wewe unayeshukiwa tena, ni kamera. Andikeni majina, tarehe, saa, mahali, na aina ya simu. Karatasi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko hotuba yangu yote hii.

Na jambo la mwisho, lifanye leo kabla hujalala. Piga picha ya kila ujumbe uliomo kwenye apu, wakati na tarehe zikionekana. Usiiondoe apu kwa hasira, usiisasishe, wala usijiandikishe upya kwa namba ya ndugu yako, maana hapo utakuwa umewapa lile kosa wanalokusingizia. Na zile selfi mbili za Kongowea, kama zimebaki kwenye simu, usizifute hata kama umetoka vibaya. Nitumie, nitazame taa zilikuwa upande gani.